Njia ya Mji Ikarabatiwe, Isinyakuliwe
Hotuba iliyotolewa mbele ya wanamageuzi na waumini katika ukumbi wa kanisa



Tulipoombwa kuzungumza mbele yenu, huenda wengi mlitarajia tuzungumze juu ya tume ya uchaguzi, daftari la wapiga kura na mipaka ya maeneo ya ubunge. Mambo hayo yana siku yake, na siku hiyo tutarudi. Leo tumechagua kuzungumza juu ya njia moja ya waendao kwa miguu katika mji wa kale wa Lamu. Msidhani tumepotea. Tunaomba mtuvumilie hadi mwisho, kwa maana tunakusudia kuonyesha kwamba swali la nani anaamua juu ya njia ya mji ni lile lile swali la nani anaamua juu ya nchi.

Mageuzi ya nchi hii hayakuanzia bungeni. Yalianzia njiani na viwanjani. Mwaka 1989 chama tawala kilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, ni Profesa Wangari Maathai aliyesimama na kuuliza: uwanja huu ni wa nani? Alidhihakiwa, akatukanwa hata ndani ya Bunge, lakini jumba hilo halikujengwa. Tarehe 7 Julai 1990 wananchi waliokwenda Kamukunji kudai vyama vingi walikuta njia zimefungwa na askari. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa kwa virungu katika uwanja huo huo wa Uhuru Park, walipokewa na Kanisa Kuu la Watakatifu Wote. Na tarehe 7 Julai 1997 askari waliingia ndani ya kanisa hilo hilo wakawapiga waumini. Kizazi chetu kilikuwa bado shuleni siku hizo. Tulijifunza mapema kwamba serikali inayoogopa wananchi wake huanza kwa kuwanyang'anya mahali pa kukutana.

Sasa twende Lamu.

Mji wa Lamu umelala juu ya mteremko unaoshuka baharini. Nyuma ya majengo ya ufukweni, sambamba na bahari, inapita njia kuu ambayo wenyeji huiita Usita wa Mui, yaani njia ya mji. Vichochoro vinaikata kutoka juu kwenda chini, na kwa vichochoro hivyo maji ya mvua huteremka hadi baharini. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mbele ya milango ya mbao iliyochongwa kuna daka, na ndani ya daka kuna baraza za mawe ambapo mgeni hukaribishwa kabla hajaingia ndani. Mahali pengine chumba kiitwacho wikio kimepita juu ya njia kutoka nyumba moja hadi nyingine, na mpita njia akapata kivuli. Kwa kuwa njia ni nyembamba na kuta ni ndefu, jua halipati nafasi ya kuwachoma watu mchana kutwa. Punda hupita na mizigo yao, watoto huenda chuoni, wazee hukaa barazani wakisikiliza habari.

Hakuna mhandisi aliyechora njia hiyo kwenye karatasi. Hata hivyo ina mpango wake, na mpango huo una akili. Upana wake una sababu, mteremko wake una sababu, na baraza zake zina sababu. Ni mpango uliotungwa na vizazi vya watu waliokubaliana jinsi ya kuishi karibu karibu bila kudhulumiana. Sisi wanasheria tungesema kwamba njia hiyo ni katiba isiyoandikwa.

Serikali yenyewe ilitambua thamani ya mji huo. Mwaka 1986 Mji wa Kale wa Lamu ulitangazwa katika gazeti rasmi kuwa mahali pa kuhifadhiwa kisheria. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, kwa kuwa ndio mji wa Waswahili wa kale zaidi uliohifadhika vyema zaidi katika Afrika Mashariki. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa. Kwa maandishi basi, Lamu ina ulinzi mwingi. Lakini nyinyi wanamageuzi mnajua vyema kuliko sisi kwamba katika nchi hii maandishi ni kitu kimoja, na utekelezaji ni kitu kingine.

Pembeni mwa njia hiyo kuu, penye uwanja wa Mkunguni, kuna ngome iliyomalizika kujengwa karibu na mwaka 1821. Wakoloni waliigeuza kuwa gereza, na serikali huru ikaendelea kuitumia kama gereza hadi mwaka 1984. Baadaye ilikabidhiwa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, ikakarabatiwa, na leo watu huingia na kutoka kwa hiari yao. Kuta ni zile zile na mlango ni ule ule, ila walioingia wakiwa na pingu sasa wanaingia wakiwa na watoto wao. Tunautaja mfano huo kwa sababu unatufundisha maana ya ukarabati ulio wa haki. Umbo la kale lilihifadhiwa, na mahali penyewe pakarudishwa mikononi mwa watu.

Ndugu wananchi, njia ya kihistoria hufa kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni kupuuzwa. Mitaro inaziba, maji machafu yanasimama mbele ya milango, chokaa inabanduka, boriti zinaoza, na mwenye nyumba asiye na uwezo anauza kwa anayekuja na fedha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna nyumba ambazo hata ukuta wa kujengwa haukubaki.

Namna ya pili ni hatari zaidi kwa sababu huja ikiitwa maendeleo. Mkandarasi anafika na saruji. Hajauliza njia ilikuwaje, na wala mkataba wake haukumtaka aulize. Anamwaga zege juu ya zege la mkandarasi aliyemtangulia, na kimo cha njia kinapanda. Mvua ikinyesha, maji yaliyokuwa yakiteremka baharini sasa yanaingia dakani. Baraza iliyokuwa ya kukalia inabaki kama kizingiti. Kisha fundi anapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe. Ukuta wa namna hiyo unahitaji kupumua. Chokaa huruhusu unyevu kutoka, lakini saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, na baada ya misimu kadhaa lipu hubanduka ikiwa na sehemu ya ukuta wenyewe. Hatimaye anatokea mtu wa kusema kwamba njia hii ni nyembamba mno kwa zama zetu, baraza zikatwe ili pikipiki zipite. Siku hiyo mji umebaki na jina lake, lakini mpango wake umekwisha.

Tusieleweke vibaya. Sisi hatusimami upande wa wale wanaotaka watu wa Lamu waishi kama sanamu za kutazamwa na watalii. Mama anayeishi kando ya mtaro unaonuka ana haki ya kupata mtaro ulio safi. Mgonjwa ana haki ya kufikishwa hospitalini upesi. Moto ukiwaka katika kichochoro kisichoingia gari, ni lazima maji ya kuuzimia yawe karibu. Yeyote anayetumia neno turathi ili kuwanyima maskini huduma, huyo naye ni mnyang'anyi wa aina yake. Kwa hiyo tunasema njia ikarabatiwe, tena upesi. Swali letu ni moja: ikarabatiwe vipi, na kwa idhini ya nani?

Uko mfano wa ng'ambo unaostahili kuzingatiwa. Katika mji wa Fresno, jimbo la California nchini Marekani, mwaka 1964 barabara kuu ya katikati ya mji ilifungwa kwa magari, ikageuzwa kuwa njia ya waendao kwa miguu iliyoitwa Fulton Mall. Msanifu wake alikuwa Garrett Eckbo. Aliweka miti, chemchemi na vidimbwi vya maji, viti na sanamu, vyote vikiwa vimepangwa kama kazi moja. Miaka ilipita, biashara ikahamia pembezoni mwa mji, na matengenezo yakapuuzwa. Mwaka 2010 wasimamizi wa orodha ya kitaifa ya mahali pa kihistoria walikubali kwamba njia hiyo ilistahili kuingizwa katika orodha yao. Wapo wananchi waliodai ikarabatiwe kwa kufuata mpango wake wa asili, wakafika hata mahakamani. Lakini mwaka 2014 baraza la mji liliamua magari yarudi, na mwaka 2017 yakarudi. Sanamu nyingi zilisafishwa na kuwekwa tena kando ya barabara. Vitu vilihifadhiwa, lakini mpango uliovipa maana ukavunjwa.

Tunajifunza mambo mawili hapo. Kwanza, kutambuliwa na wataalamu hakutoshi. Pili, mtu anaweza kukuachia mlango wako uliochongwa, akakuachia baraza yako na hata jina la mtaa wako, na bado akawa amekunyang'anya njia yako. Ndivyo tulivyofanyiwa hata katika siasa. Tuliachiwa sanduku la kura, tukaachiwa Bunge, tukaachiwa hata wimbo wa taifa, lakini kwa miaka mingi mpango wenyewe, ule wa wananchi kuamua, ulikuwa umeng'olewa.

Je, ukarabati unaohifadhi mpango wa asili unafanywaje? Sisi si wahandisi, lakini tumewasikiliza mafundi waashi na wahifadhi, na wanayoyasema yanaeleweka na kila mtu.

Kwanza, njia ipimwe na kuandikwa kabla ya jiwe lolote kung'olewa. Kila mlango, kila daka, kila baraza na kila mtaro uchorwe na kupigwa picha, ili kesho asitokee mtu wa kudai kwamba hapakuwa na kitu. Pili, kazi ianze chini ya ardhi. Mabomba ya maji safi na ya maji machafu yatengenezwe kwanza, kwa maana kuweka sakafu nzuri juu ya bomba bovu ni kuipaka rangi nyumba inayovuja. Tatu, zege la zamani liondolewe badala ya kufunikwa, ili njia irudi kwenye kimo chake na maji yafuate mteremko wake hadi baharini. Nne, sakafu mpya iwe ya vipande vinavyoweza kung'olewa na kurudishwa pale bomba linapohitaji kufikiwa, na isiwe ya kuteleza chini ya kwato za punda na miguu ya wazee. Tano, kuta za matumbawe zipigwe chokaa, na kazi hiyo wapewe mafundi wa Lamu wanaoijua, pamoja na vijana watakaojifunza kwao. Fedha zitabaki mjini, na ujuzi hautazikwa pamoja na wazee.

Na sita, ambalo ndilo la kwanza kwa uzito: wanaoitumia njia waulizwe. Aulizwe mwenye duka na mwenye punda. Aulizwe mama anayeuza mahamri asubuhi. Aulizwe kijana wa pikipiki pia, kwa sababu naye anatafuta riziki, na ni vyema zaidi kukubaliana naye mahali pa kuegesha nje ya mji wa kale kuliko kumwinda kila siku kwa askari wa kaunti.

Hayo si maombi ya huruma. Ni sheria. Katiba ya mwaka 2010, ambayo watu walimwaga damu kuipata, inataja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10 kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ombi ndani ya siku 21. Kifungu cha 62 kinahesabu barabara na mapito yaliyowekwa kwa sheria ya Bunge kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kwa manufaa ya umma. Na kifungu cha 70 kinasema kwamba anayelalamikia uharibifu wa mazingira hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara.

Watu wa Lamu wenyewe wametuonyesha kwamba silaha hizo zina makali. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya bandari mpya ya Lamu kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na kwamba haki zao za utamaduni zilikiukwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mwaka uliofuata, 2019, jopo la kitaifa la kusikiliza rufani za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa katika kaunti hiyo, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa hiyo hiyo, kwamba wananchi hawakusikilizwa kama sheria inavyotaka. Wavuvi na akina mama walisimama mbele ya mradi wa mabilioni, wakasikilizwa. Ikiwa waliweza kuuliza juu ya bandari, hatuoni kwa nini washindwe kuuliza juu ya mtaro.

Lakini tukiri jambo moja. Mahakama huja nyuma ya tukio. Jaji anaweza kuamuru fidia, ila hawezi kuamuru baraza ya miaka 200 iliyosagwa kuwa kifusi irudi kuwa baraza. Kwa hiyo ulinzi wa kweli hufanyika kabla ya mkataba kutiwa sahihi, nao hufanywa na watu wa kawaida wanaofika mkutanoni, wanaosoma ramani, na wanaokataa kutia sahihi katika orodha ya mahudhurio ambayo kesho itatumiwa kama ushahidi kwamba walikubali. Ujanja huo mnaujua. Watu huitwa kwa haraka, hupewa soda, huandikwa majina, kisha ripoti husema umma umeshirikishwa.

Huenda muumini mmoja hapa anajiuliza: Lamu ni mji wa Waislamu, sisi wa kanisa tunaingiaje? Ndugu yetu, tunakukumbusha mwaka 1999. Serikali ilipotaka kuiweka kazi ya kurekebisha Katiba mikononi mwa wanasiasa peke yao, viongozi wa Kikristo, wa Kiislamu na wa Kihindu walikutana Ufungamano House na kuanzisha mchakato wa wananchi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anasali akielekea wapi. Walitambua kwamba dhulma ikiruhusiwa kupita mlango wa jirani, haitagonga kabla ya kuingia kwako. Leo ni njia ya Lamu. Kesho ni uwanja wa kanisa lenu uliopakana na barabara, au makaburi ya wazee wenu, au soko ambalo mama zenu waliuza mboga ili ninyi msome.

Tena Maandiko yanatufundisha namna ya kukarabati. Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kwa kutoa zabuni. Alizunguka usiku akaukagua ukuta na malango yaliyoteketea, akajua hali ilivyo. Kisha akawaita watu akawaeleza. Na kazi ilipoanza, wengi walijenga sehemu iliyoelekea nyumba zao wenyewe. Makuhani walijenga, wafua dhahabu walijenga, na wapo waliojenga pamoja na binti zao. Ukuta huo ulirudishwa mahali pake na watu waliojua ulikuwa wapi, kwa sababu ulipita mbele ya milango yao.

Hatutaki tuondoke hapa na makofi tu. Tunaomba mambo matatu. Kila kikundi cha mageuzi kilichowakilishwa hapa kichague njia moja, uwanja mmoja au soko moja la umma katika mji wake, kiandike historia yake na kupiga picha hali yake. Pili, kabla ya ukarabati wowote kuanza, kiandike barua kwa serikali ya kaunti, chini ya sheria ile ya mwaka 2016, kuomba michoro, mkataba na gharama, kihesabu siku 21, na jibu lisipokuja kitutafute sisi mawakili. Tatu, parokia na misikiti ifungue kumbi zake ili michoro hiyo ibandikwe ukutani na kusomwa kwa lugha inayoeleweka na wenye mahali hapo, kila mtu akiwa na nafasi ya kusema.

Hatuahidi kwamba mtashinda kila mara. Tunajua ofisi ambamo barua hupotea, na tunajua maafisa wanaojibu ombi la habari kwa kumuuliza mwombaji ametumwa na nani. Mkiulizwa swali hilo, jibuni kwa upole kwamba mmetumwa na Katiba. Kisha mkae kwenye benchi msubiri jibu, na kesho yake mrudi, mkiwa wengi kuliko jana.

Mungu ibariki Kenya.